Pomposa, Monasteri Iliyompoteza Mwalimu Wake wa Nyimbo



Kila Alhamisi jioni, kabla hatujaimba neno hata moja, mwalimu wetu huchukua chaki na kuandika ubaoni herufi saba: d, r, m, f, s, l, t. Tunapanda nazo, tunashuka nazo, besi wakichelewa wanarudishwa. Wanakwaya wapya huuliza kila mwaka herufi hizi zilitoka wapi. Kila mwaka tunawajibu kwamba zilitoka Ulaya, kisha mazoezi yanaendelea. Kwa kuwa huu ni mwaka wa Yubile yetu ya miaka 50, tumeona heri tuwajibu sawasawa. Jibu linaanzia kwenye monasteri moja ya matofali katika kinamasi cha Italia, na lina ugomvi ndani yake.

Tuna sababu nyingine ya kuliandika jambo hili. Tulipokuwa tukitayarisha sherehe hizi tulifungua sanduku lililokaa nyuma ya sakristia miaka mingi, tukapata daftari la mwalimu wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Ameandika humo nyimbo 31 kwa mkono wake, maneno tu. Nyimbo 12 kati ya hizo tunaziimba mpaka leo. Nyingine 19 hakuna ajuaye sauti zake. Tuliwaita mama wawili wa sauti ya pili walioimba tangu mwaka wa kwanza, tukawasomea maneno. Kila mmoja aliuimba wimbo uleule kwa namna yake. Wakatazamana, wakacheka, kisha mmoja wao akatoa leso akafuta macho. Siku ile ndipo tulipoelewa kwamba kwaya inaweza kupoteza wimbo huku maneno yake yakiwa mkononi.

Hilo ndilo tatizo walilokuwa nalo watawa wa Pomposa miaka elfu moja iliyopita.

Pomposa iko kaskazini mashariki mwa Italia, huko Codigoro katika mkoa wa Ferrara, karibu na bahari ya Adriatiki. Hapo ndipo mto Po, ulio mrefu kuliko mito yote ya Italia, unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Wenye jamaa kule Garsen au Kipini wanaijua nchi ya namna hiyo: tambarare, maji kila upande, udongo wenye rutuba, na mbu. Zamani mahali pale palikuwa kisiwa, kikizungukwa na mikono ya mto na bahari. Watawa wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto walikuwa wamekwisha kukaa hapo katika karne ya 9, kwa maana barua ya Papa Yohane wa 8 ya mwaka 874 inaitaja monasteri hiyo.

Polepole ikawa tajiri. Watu walitoa mashamba kwa ajili ya roho za marehemu wao, na watawa wakapata mapato ya kilimo, samaki na chumvi. Abate, yaani mkuu wa monasteri, alikuwa pia bwana wa nchi ya jirani. Jumba alimoamulia kesi za watu bado limesimama mkabala na kanisa, ingawa limejengwa upya mara kadhaa. Lakini kazi ya kwanza ya watawa haikuwa mashamba wala kesi. Ilikuwa kuimba.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataka Zaburi zote 150 ziimbwe kila juma, bila kuacha hata moja. Watawa husali mara saba mchana na mara moja usiku. Juu ya Zaburi kuna antifona, tenzi, na nyimbo za Misa, nazo hubadilika kufuatana na sikukuu na majira ya Kanisa. Sisi tunaoimba Misa moja ya Jumapili na harusi mbili tatu kwa mwezi, na bado tunanong'onezana kuuliza ubeti wa pili unaanzaje, hatuna budi kuwavulia kofia.

Zaidi ya hayo, karibu yote yalikaa kichwani. Vitabu vya nyimbo vilikuwepo, na juu ya maneno waandishi walichora alama ndogo za kuonyesha sauti inapanda au inashuka. Alama hizo hazikusema inapanda kiasi gani. Zilimkumbusha mtu wimbo anaoujua tayari. Asiyeujua hazikumfaa kitu, kama vile daftari la marehemu mwalimu wetu lisivyomfaa mtoto wa leo. Kijana aliyeingia monasteri alikaa mbele ya mwalimu, akasikiliza, akarudia, akasahihishwa, akarudia tena. Kuwa mwimbaji kamili kulichukua kama miaka kumi, na hata baada ya hapo hakuweza kuimba antifona ndogo isiyojulikana pasipo mtu wa kumwimbia kwanza.

Mwaka 1008 Pomposa ilipata abate aliyeitwa Guido. Msomaji alikumbuke jina hilo, kwa sababu baadaye atatokea Guido mwingine, na hao wawili huchanganywa mara nyingi. Huyu abate, ambaye Kanisa linamheshimu kama mtakatifu, aliongoza monasteri hadi kifo chake mwaka 1046. Alipenda upweke na sala, lakini alikuwa pia mjenzi. Chini yake kanisa la Bikira Maria la Pomposa liliongezwa urefu, likatabarukiwa mwaka 1026. Sifa ya nyumba yake ilienea hata Mtakatifu Petro Damiani, mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa wa karne ile, akaja kuwafundisha watawa kwa muda wa kama miaka miwili. Maktaba yake nayo ilikua, na orodha ya vitabu iliyoandikwa mwaka 1093 ipo mpaka leo.

Kanisa hilo ni la mtindo ambao wataalamu wa majengo huuita wa Kiromaneski, yaani wenye kufuata namna ya Warumi wa kale. Ulitawala Ulaya ya magharibi katika karne ya 11 na ya 12, kabla ya makanisa ya Kigothi yenye matao yaliyochongoka. Jengo la Kiromaneski hujulikana kwa kuta nene, madirisha madogo na matao ya nusu duara. Kila nchi iliujenga kwa kile ilichokuwa nacho. Ufaransa walikuwa na mawe mazuri, wakachonga mawe. Katika delta ya mto Po jiwe ni kitu cha kuagizwa mbali. Kilichojaa ni udongo, na kwa hiyo Pomposa ni kanisa la matofali ya kuchoma.

Tusidhani kwamba matofali ni umaskini. Mbele ya kanisa kuna baraza yenye matao matatu, iliyojengwa na fundi aitwaye Mazulo, ambaye jina lake limeandikwa palepale ukutani. Mazulo alipamba ukuta kwa mikanda ya udongo uliochomwa, mwekundu na wa manjano, yenye majani, mizabibu na ndege. Mna tausi humo, ndege ambaye Wakristo wa kale walimfanya ishara ya uzima usiokufa. Mna pia mabakuli ya kauri ya rangi yaliyopachikwa ukutani yakimeta kama vito. Pande zote mbili za matao kuna madirisha mawili ya duara yenye nakshi ya mawe iliyotobolewa, ikionyesha wanyama wenye mabawa na mti wa uzima. Mtu aliyefika pale akitoka kwenye matope na maji ya delta alikutana kwanza na bustani ya udongo.

Ndani ya kanisa kuna ukumbi mrefu wa kati na mbawa mbili, zikigawanywa na safu za nguzo. Nguzo hizo si za karne ya 11. Nyingi ni za Kirumi na za Kibizanti, zilizochukuliwa katika majengo ya zamani, na vichwa vyake havifanani. Jirani yake upande wa kusini uko mji wa Ravenna, uliowahi kuwa makao ya watawala, na mafundi wa Pomposa waliiga makanisa ya mji ule. Hata sehemu ya nyuma ya altare imefuata desturi ya Ravenna: ukiwa ndani unaiona nusu duara, ukiwa nje unaiona ina pembe. Sakafu ni ya vipande vya mawe ya rangi vilivyopangwa kwa miduara, mafundo na picha za wanyama, na vipande vyake vimewekwa kwa vipindi tofauti, karne baada ya karne.

Kisha kuna mnara wa kengele. Huo ndio unaoonekana kwanza, ukiwa mbali bado, kwa sababu nchi yote ni tambarare. Una urefu wa mita 48. Maandishi ya chini yanasema ulianzwa mwaka 1063 na yanamtaja fundi wake, Deusdedit, jina la Kilatini lenye maana ya 'Mungu ametoa'. Una orofa tisa, na hapa ndipo tulipoona akili ya yule fundi. Orofa za chini zina matundu membamba tu. Ukipanda, kila baada ya orofa kadhaa madirisha yanaongezeka: moja, kisha mawili pamoja, kisha matatu, hata juu kabisa manne kila upande. Katika udongo laini wa delta jambo hilo lina faida. Uzito unabaki chini, juu kunakuwa kwepesi, na mahali penye kengele ukuta umefunguka ili sauti itoke. Waliosoma muziki kidogo wataona kwamba mnara ule unapanda kama ngazi ya sauti, ingawa hatusemi kwamba Deusdedit alikusudia hivyo.

Michoro inayowavuta wageni leo ilikuja baadaye sana, katika karne ya 14. Kuta za ukumbi zilijazwa picha kwa safu: juu Agano la Kale, katikati Injili, na kuzunguka matao kitabu cha Ufunuo. Nyuma ya altare Vitale da Bologna alimchora Kristo katika utukufu mwaka 1351. Katika chumba cha watawa cha kulia chakula kuna Karamu ya Mwisho, na karibu yake muujiza unaosimuliwa juu ya Abate Guido, kwamba aligeuza maji kuwa divai mezani mbele ya askofu mkuu wa Ravenna. Tumeitaja michoro hii kwa ufupi kwa sababu hadithi yetu ni ya zaidi ya miaka mia tatu kabla yake, wakati wa yule abate mwenyewe.

Katika miaka ile ya ujenzi alikuwepo Pomposa mtawa kijana aliyeitwa pia Guido. Dunia inamfahamu kama Guido wa Arezzo, kwa sababu ambayo itaonekana sasa hivi. Inakadiriwa alizaliwa karibu na mwaka 991. Alipewa kazi ya kuwafundisha wengine nyimbo, na wote waliowahi kufundisha darasa wanajua alivyojisikia: mambo yaleyale, makosa yaleyale, mwaka baada ya mwaka. Alikasirika kiasi kwamba baadaye aliandika kuwa waimbaji wa siku zake walikuwa wajinga kuliko watu wote. (Tuliposoma hayo mbele ya kwaya, tenor walisema alikuwa akiwasema besi.) Hasira yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Aliona kwamba miaka inayopotea katika kukariri ingetosha mtu kujifunza maandiko yote matakatifu na elimu nyingine pia.

Yeye na mwenzake, Bruda Mikaeli, wakaanza kuandika kitabu cha antifona kwa namna mpya. Guido hakuwa mtu wa kwanza kuchora mstari kwa ajili ya sauti. Alichofanya ni kuipanga mistari iwe utaratibu usioweza kumdanganya msomaji. Mistari ilichorwa kwa umbali uliolingana, na alama zikawekwa juu ya mistari na katika nafasi zilizo kati yake, ili kila sauti iwe na mahali pake pamoja tu. Mwanzoni mwa mstari aliweka herufi, na mistari miwili akaipaka rangi: mwekundu kwa sauti ya F, wa manjano kwa sauti ya C. Rangi hizo hazikuwa mapambo. Chini ya C na chini ya F ndipo penye hatua fupi, nusu sauti, na hapo ndipo waimbaji hupotea. Kwa lugha ya ubao wetu, ni pale kwenye m kwenda f, na t kwenda d. Mwalimu wetu amepoteza sauti yake mwenyewe mara nyingi akitupigia kelele juu ya mahali hapo hapo.

Matokeo yalionekana upesi. Guido aliandika kwamba watoto walioshika njia hiyo waliweza, kabla mwezi haujaisha, kuimba bila kusita nyimbo wasizowahi kuziona wala kuzisikia. Kazi ya miaka kumi aliahidi kuifanya kwa mwaka mmoja, au miwili kwa wazito.

Ungetazamia Pomposa ifanye sherehe. Haikufanya. Watawa wenzake walimwonea wivu, mambo yakawa magumu, na Abate Guido, yule mjenzi, yule mtakatifu, akasikiliza upande wao. Karibu na mwaka 1025 mwalimu aliondoka. Miaka michache baadaye alimwandikia Bruda Mikaeli, aliyebaki nyuma, barua iliyojaa uchungu. Alisema yeye amefukuziwa mbali na mwenzake anakabwa na mitego ya wenye wivu. Akajilinganisha na fundi wa hadithi ya kale aliyemletea Kaisari Augusto kioo kisichovunjika, akitarajia zawadi, akapewa hukumu ya kifo.

Tumelizungumza jambo hili mara nyingi tulipokuwa tukiandaa makala haya, na hatukukubaliana wote. Wengine wetu wanaona watawa wale walikuwa waovu tu. Wengine wetu hatuoni hivyo. Fikiria mzee aliyetumia miaka kumi ya ujana wake kuzijaza nyimbo kifuani. Heshima yake yote ni hiyo. Kila kijana lazima akae miguuni pake. Kisha anatokea mtu mwenye kalamu na rangi, na mtoto wa miaka tisa anaimba baada ya mwezi kile alichokitolea jasho muongo mzima. Si wivu peke yake uliosema pale. Ilikuwepo pia hofu kwamba wimbo ukishaandikwa mzee hatatafutwa tena. Hata katika kwaya yetu wapo wapendwa wanaosema solfa ni mambo ya shule, wimbo wa kweli hukaa moyoni. Hatuwadharau, kwa kuwa wao ndio waliotubebea zile nyimbo 12.

Guido alipokelewa Arezzo, mji wa vilima katika Toscana, na Askofu Theodald, aliyemkabidhi kuwafundisha waimbaji wa kanisa kuu. Huko aliandika kitabu chake Micrologus na kukitolea kwa askofu huyo. Ndiyo maana ulimwengu unamwita Guido wa Arezzo. Pomposa ingeweza kumpa jina lake, ikamkosa.

Habari zikafika Roma. Papa Yohane wa 19 akatuma wajumbe kumwita, na Guido akaenda na kitabu chake. Anasimulia mwenyewe kwamba Papa alikifungua akawa anageuza kurasa zake kama mtu aliyeona ajabu, akauliza maswali mengi, na hakuinuka mahali pake mpaka amejifunza mwenyewe kuimba mstari ambao hajawahi kuusikia. Tunaipenda sana picha hiyo ya Papa ameketi akifanya mazoezi. Guido hakukaa Roma, kwa kuwa joto na unyevu wa kiangazi vilimtia homa, akaahidi kurudi majira ya baridi.

Kabla ya hapo alikutana tena na abate wake wa zamani. Abate Guido alikitazama kitabu cha antifona, akaona kwa macho yake, na akajuta kwamba aliwaamini wapinzani. Akamwomba mwalimu arudi Pomposa. Hilo nalo limeandikwa na mwalimu mwenyewe katika barua ile kwa Bruda Mikaeli, na kwetu linaongeza heshima ya yule mtakatifu kuliko muujiza wa divai. Mkuu wa nyumba kubwa anamwambia mtu aliyemwacha aende, 'Nilikosea.' Si jambo linalosikika kila siku, katika monasteri wala katika kamati.

Katika barua hiyohiyo Guido alimfundisha Mikaeli siri nyingine, na hapa ndipo ubao wetu wa Alhamisi unapoingia. Aliuchukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, unaojulikana kwa jina la Ut queant laxis. Katika ubeti wake wa kwanza kuna vipande sita, na kila kipande huanza hatua moja juu ya kile kilichotangulia. Guido akachukua silabi za mwanzo za vipande hivyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwimbaji aliyeujua utenzi ule alikuwa na ngazi mfukoni. Akikutana na sauti asiyoijua, anajiuliza ni kipande gani cha utenzi kinachoanza hivyo, na mara anaipata. Anasema baadhi ya watoto waliweza kuimba nyimbo ngeni kabla ya siku tatu kwisha.

Kwa hiyo mistari inakuambia sauti iko wapi kwenye karatasi, na silabi zinakuambia iko wapi kooni. Ukiwa na vyote viwili, mwalimu akifa wimbo haufi.

Pomposa yenyewe iliendelea kustawi kwa muda. Abate Guido alifariki mwaka 1046 akiwa safarini kuitikia wito wa mfalme Henry wa 3 wa Ujerumani, na mfalme huyo akaupeleka mwili wake Speyer, mji wa Ujerumani, ambako kanisa lilipewa jina lake. Mnara wa Deusdedit ulijengwa baada ya abate kufa. Lakini mwaka 1152 mto Po ulivunja kingo zake huko Ficarolo, ukafanya njia mpya upande wa kaskazini. Maji yaliyokuwa yakipita karibu na monasteri yakapungua nguvu, yakatuama. Mashamba yakawa vinamasi, na vinamasi vikaleta malaria. Sisi hatuhitaji kuelezwa malaria ni nini. Idadi ya watawa ikapungua kizazi baada ya kizazi, na ajabu ni kwamba michoro mizuri ya karne ya 14 ilichorwa nyumba ikiwa tayari inadhoofika. Katika karne ya 16 watawa walihamia mji wa Ferrara. Mwaka 1653 Papa Innocent wa 10 aliifuta monasteri rasmi. Baadaye mali ikauzwa kwa watu binafsi, ua wa ndani wenye baraza za watawa ukabomolewa, na mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Italia ikachukua kile kilichobaki na kukitengeneza. Kanisa, mnara, chumba cha mikutano, chumba cha kulia na jumba la kesi vipo. Watawa hawapo.

Silabi zao, kwa upande wake, zilisafiri. Karne nyingi baadaye ut, ambayo ni ngumu kuimbika, ikabadilishwa kuwa do, na sauti ya saba ikapewa jina si. Katika karne ya 19 mwanamke Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, mwalimu wa watoto, alizipanga upya kwa herufi peke yake na kugeuza si kuwa ti, ili kila sauti ianze na herufi yake. Mchungaji John Curwen akaichukua njia yake kuanzia miaka ya 1840, akaikamilisha na kuieneza. Haikuhitaji karatasi ya mistari wala matbaa maalumu. Herufi za kawaida zilitosha. Wamisionari wakaja nayo Afrika, ikakaa mashuleni, vyuoni na makanisani. Baadhi yetu tuliopitia chuo cha ualimu tuliifundishwa kwa kuchapwa meza na rula. Kwa hiyo kilichoanzwa na mtawa Mkatoliki kilipitia kwa binti wa kasisi Mwanglikana na kwa mchungaji wa Kiprotestanti kabla ya kufika kwenye ubao wa kwaya ya Kikatoliki nchini Kenya. Wivu wa Pomposa haukuweza kuizuia njia hiyo, wala tofauti za makanisa hazikuweza.

Wabenedikto nao walifika Afrika Mashariki kwa mlango wao wenyewe. Watawa wa Kanuni ileile ya Zaburi 150 walianzisha Peramiho, kusini mwa Tanzania, mwaka 1898, na Ndanda miaka michache baadaye. Vitabu vingi vya ibada vya Kiswahili vilivyo mikononi mwa Wakatoliki wa eneo letu vimetoka huko. Fungua kurasa za mwanzo za vitabu vikuukuu vilivyo kabatini mwetu uone vilikopigwa chapa.

Sasa turudi kwenye sanduku letu. Kamati imeamua kwamba nyimbo za daftari la marehemu mwalimu ziandikwe zote kwa solfa, sauti nne, kabla mwaka wa Yubile haujaisha. Zile 12 tunazozijua tumeanza nazo, na 7 zimekwisha andikwa na kuhakikiwa. Juu ya zile 19, wale mama wawili wameafikiana sasa kuhusu kiitikio cha wimbo mmoja, baada ya kubishana Alhamisi tatu mfululizo. Ubeti bado. Yeyote aliyeimba katika kwaya hii miaka ya mwanzo, hata kama amehama parokia, hata kama anakumbuka mstari mmoja tu, tunamwomba afike katika chumba cha nyuma ya sakristia Alhamisi yoyote saa kumi na moja jioni. Daftari litakuwa mezani, pamoja na chaki, simu ya kurekodia na chai.